Nilikuwa nakimbia na tumbo tupu alafu nashangaa pumzi inaniishia

Kilomita ya 6 miguu ikagoma. Sijasema iliuma, nimesema iligoma, yani unaituma iende nayo imetulia tu kama mtoto aliyesusa. Siku hiyo nilipanga 10. Nilikuwa nimeamka alfajiri nikanywa glasi ya maji na kahawa nyeusi bila sukari, maana nilishasikia kwamba ukikimbia hujala ndo mafuta yanaungua vizuri, na usiku wake nilikula saladi na kipande cha kuku cha kuenea kiganja nikajipongeza kweli kweli nikapanda kitandani na njaa yangu. Sasa nipo pembeni ya barabara nimekaa chini, vidole vinatetemeka, jasho limekuwa la baridi, mbele ya macho naona vinyota, na kitu pekee ninachokiwaza dunia nzima ni mkate. Wala sio mkate na siagi. Mkate mkavu.

Akapita mzee mmoja na fimbo yake, akasimama.

"Binti, u mzima?"

"Shikamoo baba. Mzima, napumzika kidogo tu."

"Marahaba. Umekula lakini?"

Nikasema nimekula. Uongo mtupu, na nadhani alijua, maana aliguna akaendelea na safari yake huku anatikisa kichwa. Mtu hajanifahamu hata dakika 1, hana habari za kalori wala protini, kanitupia jicho mara moja tu kagundua kitu ambacho mimi na ile apu yangu ya kuhesabia chakula tulishindwa kukigundua miezi 8 nzima.

Hapo nilikuwa na miaka 24, sasa hivi nina 27. Na kilichokuwa kinaniuma zaidi ya miguu ni kwamba hiyo 10 mwaka mmoja nyuma nilikuwa naimaliza huku napiga stori na rafiki yangu, bila dayati, bila apu, bila chochote. Yani nilivyozidi kuwa "siriasi" ndivyo nilivyozidi kuwa dhaifu. Nikawa najibu hilo tatizo kwa njia moja tu niliyoijua, naongeza mazoezi napunguza chakula. Ikishindikana, naongeza tena napunguza tena. Mtu mwenye gari linalozimika zimika njiani angeangalia tenki kwanza, mi nilikuwa naosha kioo.

Nataka niandike hili kwa sababu naliona kwa watu wa rika letu karibu wote, kuanzia miaka 18 hivi mpaka 30, tunachukulia chakula na mazoezi kama maadui wawili. Mazoezi ni ya kufuta chakula, chakula ni kosa ambalo mazoezi yanalipia. Ukila keki unaambiwa "kesho ukaikimbie hiyo". Mi mwenyewe nilisema hivyo mara ngapi sijui. Kumbe chakula ndo kinachofanya hayo mazoezi yawezekane, na kama hukipati hakuna unachojenga, unabomoa tu.

Ngoja nieleze ilivyo maana nilikuja kusoma baadaye sana na ningesoma mapema ningejiokolea mengi.

Misuli ikifanya kazi ngumu inataka sukari. Hiyo sukari mwili unaitunza kwa umbo linaloitwa glaikojeni, inatokana na vyakula vya wanga unavyokula, na akiba yenyewe ni ndogo, kwa mtu wa wastani kwenye ini kuna kama gramu 100 na kwenye misuli kama gramu 400, ukipiga hesabu jumla ni kama kalori 2,000 tu. Mafuta unayo mengi hata kama we ni mwembamba kama mwiko, yanatosha siku nyingi, ila mafuta yanatoa nguvu polepole. Ukitembea yanakutosha. Ukianza kukimbia kwa kasi, kupanda kilima, kunyanyua chuma, mwili unadai sukari na haupendi kusubirishwa. Ndo maana wakimbiaji wa marathoni wanaiogopa sana ile sehemu ya kuanzia kilomita ya 30, wanaiita ukuta, mtu alikuwa anaenda vizuri ghafla anatembea kama kabeba gunia.

Mi sikuwa nakimbia marathoni. Lakini nilikuwa naanza na tenki ambalo halijajazwa tangu wiki iliyopita, kwa sababu niliacha wanga kabisa, wali hapana, mkate hapana, viazi hapana, hata ndizi nilikuwa naiangalia kwa mashaka. Na usiku ukiwa umelala ini linaendelea kugawa sukari kwa ajili ya ubongo, kwahiyo ukiamka akiba ya ini imeshuka sana, alafu mtu anatoka hapo na kahawa peke yake anaenda kukimbia saa nzima. Kule kutetemeka na lile jasho la baridi wala hayakuwa maajabu, sukari ya damu ilikuwa imeshuka, basi.

Na kuna huu mchezo mwingine ambao ulinidanganya mwanzoni kabisa. Wiki ya kwanza ya kuacha wanga nilipungua kilo 2 na nusu. Nilipiga kelele bafuni. Sasa glaikojeni inapokaa mwilini inakaa na maji, kila gramu 1 na maji kama gramu 3 hivi, kwahiyo ukiimaliza na maji yake yanaondoka. Kilo zangu 2 na nusu sehemu kubwa nilizikojoa jamani. Nilisherehekea mkojo.

Mwaka 1967 kule Sweden Jonas Bergström na wenzake walifanya jaribio ambalo mi naona kila mtu anayejiandikisha jimu angeambiwa siku ya kwanza kabla hata ya kuonyeshwa mashine. Waliwachukua watu wakawaendesha baiskeli kwa nguvu ileile mpaka wachoke kabisa, alafu watu haohao wakarudia tena baada ya siku chache za chakula tofauti, na kila mara walichukua kipande kidogo cha msuli wa paja kwa sindano wakapima glaikojeni. Walipokula mafuta na protini tupu bila wanga walidumu kama saa 1. Chakula cha mchanganyiko wa kawaida, karibu saa 2. Wanga mwingi, karibu saa 3. Ni miguu ileile, mapafu yaleyale, moyo uleule. Kilichobadilika ni sahani tu.

Nilivyosoma hapo nilifunga simu nikakaa.

Kuhusu kukimbia asubuhi hujala, hili nalijibu haraka kwa sababu mtu ataniuliza tu. Ni kweli ukikimbia na tumbo tupu wakati ule wa kukimbia unachoma mafuta mengi kidogo. Lakini mwili una saa 24, sio hiyo saa 1 yako. Mwaka 2014 Brad Schoenfeld na wenzake waliwachukua wasichana 20, vijana, wote wapo kwenye dayati, nusu wakafanya mazoezi kabla ya kula nusu baada ya kula, saa 1 mara 3 kwa wiki kwa wiki 4. Mwisho wake wote walipungua na hapakuwa na tofauti kati ya makundi. Kama unajisikia vizuri kukimbia hujala na ni mbio fupi za taratibu, kimbia, hamna shida, kuna watu matumbo yao asubuhi hayataki kitu. Mi naongelea wale tunaojitesa tukidhani mateso yana malipo.

Sasa turudi kwangu. Mambo hayakuishia kwenye miguu kugoma. Nilikuwa nasikia baridi muda wote, watu wamevaa fulana mi nina sweta. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Hasira za karibu, yani mtu akitafuna karibu yangu namchukia. Na usiku, hii naona aibu kuisema lakini nasema, nilikuwa naangalia video za mapishi. Saa 6 usiku mpaka saa 8, mtu anakaanga kitunguu nami nimetoa macho, nahifadhi, nina video zaidi ya 200 za vyakula ambavyo sikuwa na mpango wowote wa kuvila.

Miaka imepita nikakutana na habari ya lile jaribio la njaa la Minnesota, la mwaka 1944 mpaka 1945. Mtafiti mmoja wa Marekani, Ancel Keys, alikuwa na vijana wa kiume 36, wazima wa afya, waliojitolea badala ya kwenda vitani, akawapunguzia chakula kwa wiki 24 mpaka karibu kalori 1,570 kwa siku huku wanatakiwa watembee kama kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Nguvu zilishuka, stamina ikashuka, mapigo ya moyo yakapungua, wakawa wanasikia baridi hata kipindi cha joto, wakawa wakali na wanyonge, na wengine wakaanza kusoma vitabu vya mapishi na kukusanya risipi. Vitabu vya mapishi! Nilicheka peke yangu kwa sauti. Alafu nikafungua ile apu ya zamani nikaangalia nilikuwa najiwekea ngapi kwa siku. 1,300. Nikaacha kucheka. Sawa wale walikuwa wanaume na maumbo yao ni makubwa kuliko langu, lakini wao waliitwa watu wa jaribio la njaa na mimi nilikuwa naitwa mtu mwenye nidhamu.

Kilichonipeleka hospitali sio hayo yote lakini. Ni siku zangu. Zilikata. Mwezi wa kwanza nikasema stresi, wa pili nikasema mazoezi, wa tatu nikanunua kipimo cha mimba ingawa hapakuwa na sababu yoyote ile ya kuwa na mimba, wa nne ndo nikaenda. Daktari alikuwa mama wa makamo, ana miwani imening'inia kwenye kamba, akasikiliza yote bila kuandika kitu, alafu akaniuliza swali la yule mzee wa barabarani.

"Mwanangu, jana umekula nini? Nitajie kimoja kimoja."

Nikamtajia. Nilipomaliza akanyamaza kidogo kama anasubiri niendelee. Nikamwambia ni hivyo tu dokta. Akasema, "Hicho ni chakula cha asubuhi. Nilikuuliza cha siku nzima."

Akanielezea kitu ambacho kamati ya Olimpiki ya kimataifa ilikipa jina mwaka 2014, kwa Kiswahili cha kawaida tunaweza kusema upungufu wa nguvu kwa mtu wa mazoezi. Maana yake chakula unachoingiza kikishatolewa kile kilichotumika kwenye mazoezi, kinachobaki hakitoshi kuendesha mwili. Sasa mwili nao una akili, unaanza kuzima vitu ambavyo sio vya dharura. Uzazi unazimwa kwanza, maana mwili unajiuliza huyu hana chakula chake mwenyewe ataleteje mtoto. Joto linapunguzwa. Ukarabati wa misuli unapunguzwa. Homoni za uzazi zikishuka na mifupa inaumia, na hapo ndo kuna ubaya wenyewe kwa umri wetu kwa sababu mifupa inafikia kilele cha uimara wake kabla ya miaka 30 hivi, ukishapita hapo ni kutumia akiba. Na wavulana msicheke, nanyi mnapata, kwenu homoni ya kiume inashuka na hamu inapotea, ila nyie hamna kalenda ya kuwastua kila mwezi.

Vipimo vya damu vikaja, himoglobini chini kidogo na akiba ya madini ya chuma chini kabisa. Hili nalo lilikuwa linaelezea pumzi. Himoglobini ndo inayobeba oksijeni, na ili itengenezwe inahitaji chuma, kwahiyo unaweza kuwa na mapafu mazuri na moyo mzuri lakini magari ya kusafirishia oksijeni ni machache, ukipanda ngazi unahema kama mzee. Mwanamke wa umri wetu anatakiwa kupata kama miligramu 18 za chuma kwa siku, mwanaume 8, tofauti hiyo ni kwa ajili ya damu ya kila mwezi. Mi nilikuwa nakula kidogo, nyama nyekundu nilishaiacha, na juu ya hapo chai nakunywa na chakula. Chai na kahawa zinazuia chuma kisifyonzwe vizuri, hasa kile cha kwenye mboga na maharage. Vitamini C inafanya kinyume chake, ukikamulia limau kwenye maharage au ukila chungwa pamoja na chakula unapata chuma kingi zaidi kutoka sahani ileile. Sasa hivi chai yangu inasubiri saa 1 au zaidi baada ya chakula. Vidonge nilipewa na daktari baada ya kupimwa, naomba usiende kujinunulia kwa sababu umesoma hapa, chuma kikizidi nacho ni sumu.

Sasa kabla hujaondoka na wazo kwamba nasema kila mtu ale sana, ngoja nikwambie kuhusu mdogo wangu.

Mdogo wangu ana miaka 21 na ni mwembamba. Mwembamba ule wa asili, suruali zote zinamvuka. Kwahiyo yeye kwa akili yake yuko fiti. Kula yake ni chipsi, soseji, biskuti, soda, tambi za dakika 3, siku mbaya anaongezea chipsi nyingine. Maji ni adhabu. Na hakuna wa kumwambia kitu, ukimwambia anainua fulana anakuonyesha tumbo lililo flati, "dada, unaona kitambi hapa?" Sasa siku moja lifti ya jengo ilikuwa mbovu tukapanda ngazi ghorofa 5. Mimi niliyekuwa naponea kwenye vidonge vya chuma nilifika juu nikamsubiri. Alifika ameshika ukuta, midomo imepauka, akasema viatu ndo vibaya.

Wembamba sio ufiti, hivi ni vitu viwili. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani unaitwa CARDIA, ulianza 1985 ukachukua vijana 5,115 wa miaka 18 mpaka 30 ukawafuatilia kwa miaka na miaka, wakawapima na kwenye mashine ya kukimbilia. Wale ambao ujanani ufiti wao ulikuwa wa chini kabisa walikuwa na uwezekano mara 3 mpaka 6 zaidi wa kuja kupata kisukari na presha kuliko wale waliokuwa fiti. Na hawa walikuwa bado vijana siku wanapimwa.

Na hivyo vyakula vya pakiti vina tabia ya kukufanya ule zaidi bila kujua. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake huko Marekani waliwafungia watu 20 kwenye wodi ya utafiti, wiki 2 vyakula vya kiwandani, wiki 2 vyakula vya kawaida visivyochakatwa sana, wameachiwa wale watakavyo, na vyakula vilivyoletwa mezani vilikuwa na kalori, sukari, mafuta na chumvi vinavyolingana. Kwenye zile wiki za vyakula vya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo 1. Na wenyewe walisema njaa na shibe ni zilezile tu. Mdogo wangu haongezeki kwa sababu anazozijua Mungu, ila nguvu hana, kwa sababu tumbo limejaa vitu ambavyo protini yake ni ya kutafuta kwa tochi na chuma hamna na nyuzinyuzi hamna.

Watu wanapenda sana ile hesabu ya soda. Soda ya nusu lita ina sukari gramu 50 na kitu, kalori kama 210, na mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 anachoma kama 350, kwahiyo soda 1 ni kilomita 3 hivi. Hesabu ni ya kweli. Mi siipendi. Ndo hesabu iliyonifikisha pembeni ya barabara. Ukianza kuona kila chakula kama kilomita hutoki huko salama. Kwa mdogo wangu nilimwambia tu soda zipungue kwa sababu zinachukua nafasi ya maziwa na maji, basi.

Kuhusu protini sina mengi, vijana wa jimu wanaijua kuliko mimi, tena wanaijua kupita kiasi. Kiwango cha mtu wa kawaida ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, kwa anayenyanyua chuma faida inaendelea kuonekana mpaka kwenye gramu 1.6 hivi, ukizidisha hapo kwa wengi hamna kinachoongezeka zaidi ya gharama. Mi nina kilo 60, kwahiyo 96. Yai 1 lina kama 6, glasi ya maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, samaki na kuku ndo usiseme. Unafika bila ule unga wa kwenye kopo, ingawa kama una haraka unga nao ni chakula tu, sio dawa wala uchawi. Na ile habari kwamba usipokunywa ndani ya nusu saa mazoezi yamepotea, yani watu wanakimbizana na chupa kama wanawahi treni, jumla ya siku nzima ndo inayobeba uzito zaidi. Kinachonichekesha ni mtu ana protini 2 kwa kilo alafu hana wanga, hana usingizi, Ijumaa pombe mpaka alfajiri, Jumatatu anauliza mbona kifua hakijai.

Kurudi kula kulikuwa kugumu kuliko kuacha. Watu hawasemi hili. Daktari alinipa mpango mdogo tu, milo 3 na vitafunwa 2, wanga kwenye kila mlo, na mazoezi nikate nusu kwa miezi 2. Siku ya kwanza nilipika wali na maharage na mboga za majani, nikapakua, nikakaa mbele ya sahani kama niko kwenye mtihani. Nilikula nusu nikalia kidogo nikamalizia. Wiki 3 za kwanza niliongezeka kilo 2, na hata kwa elimu yote ile ya glaikojeni na maji yake bado niliona kama nimefeli maisha. Mzani nikampa rafiki yangu anitunzie, bado anao na nadhani keshautumia kupimia mizigo ya safari.

Alafu kidogo kidogo. Sweta nikaliacha. Video za mapishi zikaanza kuniboa, kwanza nikaanza kuzipika. Mwezi wa 5 siku zangu zikarudi, niliziona nikafurahi kama nimepokea mshahara. Kwenye jimu nilikuwa nachuchumaa na chuma cha kilo 40 mwaka mzima bila kusogea, nikilaumu magoti, baada ya miezi 6 ya kula nikafika 60, kocha akaniuliza we dada umebadilisha programu? Nikamwambia nimebadilisha sufuria. Na ile 10, ambayo kipindi cha njaa nikijitahidi sana naimaliza kwa dakika 71, nikaja kuimaliza kwa 58, nikiwa na kilo 5 zaidi ya wakati ule. Kilo 5 zaidi na dakika 13 pungufu, jamani.

Utaratibu wangu sasa hivi hauna maajabu. Kama mazoezi ni jioni nakula mlo kamili saa 3 hivi kabla. Kama ni asubuhi na hayazidi dakika 40 nakula ndizi nusu saa kabla, kama ni marefu basi usiku wake nahakikisha wali umekaa vizuri na asubuhi natanguliza mkate na asali. Nikimaliza nakula chakula cha kweli ndani ya saa 1 au 2, sio kwa kuogopa ile nusu saa ya protini, ni kwa sababu nina njaa na sasa hivi njaa naiheshimu. Maji nakunywa nikisikia kiu, na kukiwa na jua kali natanguliza kabla ya kutoka, maana ukipoteza maji ya asilimia 2 ya uzito wako mwendo unaanza kushuka.

Mdogo wangu naye baada ya zile ngazi aliona aibu akasema atakuja tukimbie wote Jumamosi. Nikamwambia sheria ni moja tu kwangu, usije na tumbo tupu, nimeshakaa pembeni ya barabara mara 1 inatosha. Akasema sawa dada. Jumamosi akaja, viatu vipya, spika ya mziki kiunoni, tukaanza taratibu. Kilomita ya 2 haijaisha akashika ubavu, akapinda kama ndoano, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Umekula nini?" nikamuuliza.

"Chipsi na soda," akasema huku anahema, "sa hivi tu wakati nakuja. Si we ndo ulisema nisije na tumbo tupu?"